Kusakinisha Debian 13 kwenye kompyuta ya mezani uliyoiunda mwenyewe

Karibu tena, mtazamaji. Kompyuta unayoiona hapa mezani niliiunda mwenyewe kwa vipuri nilivyonunua kimoja kimoja, na leo tutaisakinishia Debian 13, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, toleo lililotoka Agosti 2025. Kompyuta iliyoundwa kiwandani huja vipuri vyake vikiwa vimekwisha kupatanishwa, ilhali kwa hii yetu upatanishi huo ni juu yetu, na ndiyo maana sehemu kubwa ya video itapita kabla hatujagusa kitufe cha kusakinisha.

Pakua kutoka debian.org faili la ISO, yaani nakala nzima ya mfumo katika faili moja, la aina ya live, linaloendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kisha, ili ujue limefika zima, uhakikishe kwa amri ya sha256sum kwamba mfuatano wa herufi na tarakimu unaoupata unalingana na ule uliochapishwa kando ya faili hilo. Chomeka flashi ya GB 8 kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, andika lsblk, na utazame ukubwa wa kila diski. Hapa kwangu sda ni diski ya GB 931, na sdb, yenye GB 7.5, ndiyo flashi. Usome mstari huo kwa kidole, kwa sababu amri inayofuata, inayoandika ISO juu ya flashi, haiulizi wala haionyi. Niliwahi kuandika a badala ya b, na picha za harusi ya dada yangu zikaenda na maji.

sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Sasa hamishia flashi kwenye kompyuta mpya, uiwashe huku ukibonyeza Delete mfululizo, nasi tuingie kwenye mipangilio ya ubao mama. Zima CSM, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, ili mfumo uwake kwa njia mpya ya UEFI. Kisha, kwenye mipangilio ya diski, tafuta palipoandikwa RAID au VMD na uweke AHCI, iliyo namna ya kawaida, kwa kuwa usipofanya hivyo kisakinishi huenda kisiione SSD, yaani diski ya kompyuta, kabisa, nawe ukarudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa. Secure Boot, kinga inayokubali tu programu zenye saini inayoaminika wakati wa kuwaka, iache ilivyo. Debian inaikubali tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Kama RAM yako ina XMP, mpangilio wa kuiongezea kasi, usiiwashe leo, maana RAM inayoyumba huharibu faili wakati wa kusakinisha bila kutoa dalili yoyote.

Washa kwa flashi, uchague live, na kabla ya kusakinisha chochote jaribu sauti, Wi-Fi na kila tundu la USB. Tangu toleo la 12, programu ndogo zinazohitajiwa na kadi nyingi za Wi-Fi zimo ndani ya ISO, kwa hiyo kadi isipoonekana hapa, afadhali ujue sasa. Usakinishaji wenyewe ni mfupi: lugha, saa za eneo, kufuta diski yote, jina na nenosiri.

Tumebakiwa na kadi ya michoro. Hakikisha kwanza kebo ya skrini imechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama. Mwenye kadi ya AMD hana la kuongeza, kwani draiva yake imo ndani ya kiini cha Linux. Mwenye Nvidia aongeze contrib na non-free, hazina za programu za ziada, kwenye /etc/apt/sources.list, kisha aandike:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-amd64 nvidia-driver
sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Amri ya mwisho husajili ufunguo (MOK) uliotia saini draiva, ili Secure Boot iikubali, nayo itakuomba utunge nenosiri la kutumika mara moja tu. Liandike kwenye karatasi, kisha uwashe upya. Skrini hii ya bluu, ya kuthibitisha ufunguo huo, hungoja sekunde 10 pekee, kwa hiyo bonyeza kitufe chochote mara uionapo, chagua Enroll MOK, uingize nenosiri lile. Ikikupita, mfumo utawaka bila draiva, na itakubidi urudie amri ya mokutil. Ukishaingia, andika nvidia-smi. Jina la kadi likitokea kwenye jedwali kama hili langu, draiva imeshika.