Farasi wa Kwenye Picha Si Wangu: Siku ya Regret Stakes, Louisville

Jamani, tangu niweke ile picha nimemshika farasi pale Churchill Downs, uwanja wa mbio za farasi mjini Louisville, Marekani, swali ni lilelile: "Kaka, huyo farasi ni wako? Umevuna ngapi?" Leo najibu, na asije mtu akasema naringa, wala kwamba nalialia.

Farasi si wangu. Mimi ni saisi. Namlisha, namsugua, namfunga bendeji miguuni, na akitoka mbioni namtembeza mpaka jasho likauke. Mwenye farasi anamlipa mkufunzi, mkufunzi ananilipa mimi kwa wiki, na kodi inakatwa kabla sijaishika hela. Siku ile farasi wetu alimaliza nyuma, kwa hiyo hakukuwa na bahasha ya asante.

Ila picha ile naipenda, na sababu ni jina la mbio zenyewe. Regret Stakes ni ya majike wa miaka mitatu, kila mwaka, kwenye nyasi, karibu kilomita 1.8. Regret ndiye jike wa kwanza kushinda Kentucky Derby, mbio za farasi maarufu kuliko zote Marekani, mwaka 1915, hapohapo Churchill Downs. Aliwatangulia madume tangu walipoachiwa mpaka mwisho! Ikapita miaka 65 ndipo Genuine Risk akafanya vile, 1980, kisha Winning Colors, 1988. Watatu tu hao. Derby ni ya udongo, na uwanja wa nyasi pale ulijengwa miaka ya 1980, kwa hiyo Regret hakuukanyaga.

Nyasi nazo zina kazi yake. Mbio zilipoisha niliinua kwato moja moja, nikachokoa udongo na majani kwa kile chuma chenye ndoano, naye kaniegemea begani kwa uzito wake wote, anahema.

Sasa makaratasi. Huingii mabandani bila leseni, na leseni inataka alama za vidole, ada, na kibali cha kazi. Pasipoti yangu ina majina matatu, kibali kiliandikwa mawili. Jina la babu limeachwa! Nikarudishwa dirishani mara mbili, siku tatu sikuingia kazini, siku tatu bila malipo. Wiki hiyohiyo baba mdogo akapiga simu: "Mwenye farasi mzima anachangia harusi laki moja tu?" Baba, shikamoo, lakini iliniuma. Laki ile niliikopa.

Wanaouliza kama waje kufanya kazi hii: sijui hali yako, sijui viza yako. Mimi nimekulia na ng'ombe Shinyanga, mnyama akinikanyaga sikimbii. Mwingine ataacha wiki ya kwanza. Ila majina yako yalingane kwenye kila karatasi kabla hujapanda ndege.

Naishia hapa. Saa kumi alfajiri farasi anataka maji.