Mbona nywele zangu hazikunyonyoka? Jibu kwa wanaouliza kama kweli nilikuwa na kansa ya ovari

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Bombo, Arua, Busia na Kampala. Leo sina mapishi wala matembezi. Nataka kujibu swali ambalo kila nikifungua komenti nalikuta: "Dada, ulisema una kansa ya ovari, mbona nywele zipo? Mbona unaenda kazini?" Wengine hawaulizi, wanasema tu kwamba natafuta michango. Sijawahi kumwomba mtu hata shilingi, na leo siombi.

Kansa ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, si ugonjwa mmoja. Kama 9 katika kila 10 ni za ile aina inayozungumzwa siku zote. Yangu ni katika zile chache, inaitwa granulosa, inaanzia kwenye chembe zinazolizunguka yai na kutengeneza homoni. Ndiyo maana mimi sikuanza na maumivu. Hedhi ilikuwa imekatika miaka miwili, halafu damu ikarudi. Nilimpigia mama, akafurahi, akaniambia, "Mwanangu, damu yako bado changa." Kumbe uvimbe ule ulikuwa unamwaga estrojeni, homoni ya kike, na kizazi kikadanganyika.

Kipimo cha damu ambacho wengi mnakijua, CA-125, kilitoka safi kabisa. Kwa uvimbe kama wangu, damu hupimwa inhibini, homoni inayotolewa na chembe hizo. Nikapasuliwa, wakatoa kizazi na ovari zote mbili. Uvimbe ulikuwa bado ndani ya ovari moja, haujapasuka, kwa hiyo daktari akasema kemo, zile dawa kali za kansa zinazonyonyoa nywele, haihitajiki. Nywele zangu zipo kwa sababu hiyo. Mwingine mwenye granulosa iliyosambaa huenda akapewa kemo, kwa hiyo msichukue matibabu yangu mkampangia mgonjwa wenu.

Sasa hili la "wewe unatibiwa bure huko Uingereza." Viza yangu ya kumfuata mume ilikuwa ya miezi 33. Ada ya afya, ambayo muombaji viza hulipa ili atibiwe huko, ni pauni 1,035 kwa mwaka, na miezi 33 inahesabiwa kama miaka 3. Pauni 3,105, zote kwa mkupuo, kabla sijapanda ndege, mbali na ada ya viza yenyewe. Tuliuza kiwanja. Kile kiwanja alikuwa ameniachia baba, na wapo ndugu ambao mpaka leo hawanisalimii kwa ajili yake. Sisemi haya mnionee huruma. Ila neno "bure" linaniuma.

Na usipohangaika na pesa, utahangaika na karatasi. Tulipohama mji, barua ya kliniki ikapelekwa nyumba ya zamani. Sikufika, wakanifuta kwenye orodha. Miezi minne napiga simu, kila anayepokea ananiuliza upya tarehe ya kuzaliwa kisha ananiambia nisubiri. Kilichoniokoa ni karatasi ya patholojia, yaani majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa, nilikuwa nayo mkononi. Imeandikwa aina, ukubwa, na kwamba kile kinyama kilipimwa jeni la FOXL2. Badiliko la jeni hilo liligunduliwa mwaka 2009, na karibu kila granulosa ya watu wazima inalo. Nilipowasomea hayo kwenye simu, nikapewa tarehe. Granulosa inaweza kurudi baada ya miaka 10, hata 20. Karatasi ile nitazeeka nayo.

Ndipo namkumbuka shangazi yangu. Alipasuliwa kwenye kliniki moja huko nyumbani, wakatuita tuone: uvimbe kama papai, umelala kwenye beseni la bluu. Tukamshukuru Mungu, na beseni likaenda kumwagwa. Hakuna aliyesema ukapimwe. Miaka minane baadaye tumbo likajaa tena, daktari mwingine akauliza, "Ule wa kwanza ulikuwa uvimbe gani?" Tukatazamana. Mpaka tunamzika hatukuwa na jina la kumjibu.

Kwa hiyo mkiniuliza mfanye nini, mimi kwa upande wangu nasema: kinachotolewa kisimwagwe. Kiwekwe kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kipelekwe maabara hata kwa boda. Najua kuna gharama, na najua wapo ambao hawataipata.

Kuna mama wa Busia aliyeniandikia kuhusu binti yake wa miaka 16. Tumbo lilivimba, kipimo cha mimba kikasema ndiyo, akapigwa, akafukuzwa shule na nyumbani, naye analia kwamba hajamjua mwanamume. Mama, kuna uvimbe wa ovari unaoanzia kwenye chembe za mayai, huwapata hasa wasichana na vijana, na baadhi yake hutoa homoni ileile ya mimba. Mimi si daktari, siwezi kusema ndio huo. Lakini ultrasaundi itaonyesha kama kuna mtoto au hakuna. Kama ni uvimbe, aina hizo hupona vizuri zikiwahiwa, na mara nyingi huondolewa ovari moja tu, kizazi kikabaki. Taasisi ya Saratani pale Mulago, Kampala, ipo tangu 1967, hiyo kazi wanaijua. Uliniambia picha hiyo alishapigwa, na karatasi iko kwa shemeji yako. Kaichukue leo, na binti arudi nyumbani.