Goti Linauma, Twende Tu, Lakini Kichwa Usinifiche

Haya, wale wamesimama huko nyuma viti viko hapa mbele, njooni mkae. Mambo ya kulipia na ya usafiri mmeshaambiwa, mimi sirudii. Kabla hatujapanda Mlima Kenya nimekuja na jambo moja, nalisema kila mwaka, na kila mwaka mtu mmoja ananionyesha hakusikia.

Wengi wenu mmekuja na woga na hamjakosea. Huyu goti, yule mgongo, na kuna mama amenishika mkono hapo mlangoni akaniuliza, sasa mimi na miaka 54 kweli nitafika? Mama, njoo. Goti langu la kushoto niliumia nikishuka mlima Longonot na mpaka leo linauma, na Lenana, kile kilele tunachokwenda, nimefika nalo. Nalifunga bandeji, natembea na fimbo mbili, kushuka ndio kunauma zaidi kwa hivyo naenda pole pole hata kama kila mtu amenipita, na pale getini Sirimon kabla hatujapiga hatua namwambia kiongozi: goti hili, la kushoto. Basi anajua.

Wanaonitoa usingizi ni wale wanaoficha kichwa kikianza kuuma kule juu. Kulikuwa na kijana mmoja, Ngong alikuwa anatuacha mbali kabisa, vilima vyote saba kama anaenda dukani. Tukafika kambi ya Shipton's, mita 4,200, jioni akapewa supu. Akaikoroga tu na kijiko, anakoroga, anakoroga, mpaka ikashika ngozi juu. Nikamuuliza, uko sawa? Niko poa. Saa nane usiku tunajiandaa kutoka, nikamuona anafunga kamba ya buti, inamponyoka, anaanza tena. Nikamuuliza tena, niko poa, na mimi nikamuachilia, hilo linaniuma hadi leo. Kwenye ule mchanga wa mawe akakaa chini, akatapika, kusimama akawa anayumba kama mlevi. Tukamgeuza usiku huo huo, wawili wamemshika, mpaka chini, mpaka hospitali. Alipona, Mungu ni mwema. Nilipomuuliza baadaye akasema kichwa kilianza jana yake mchana, “niliogopa mtanirudisha.”

Najua mnawaza nini, si nikisema utanirudisha kweli? Sikiliza. Ukisema mapema, mara nyingi tunalala pale pale tulipo, unakunywa maji, unakula, kichwa kikitulia tunaendelea. Kikizidi, au ukianza kuyumba, au unahema na umekaa tu, hapo ni kushuka, hatungoji asubuhi na hatupigi kura. Na usimeze dawa ya maumivu kimya kimya ndio uonekane mzima, unajificha nani, mlima?

Na sio mambo ya mazoezi, tafadhali. Sisi tunatoka Nairobi, mita kama 1,700, Lenana ni 4,985, hewa ya huko ni nusu na kidogo tu ya ile ya Mombasa, na mapafu ya mtu wa gym hayajui hizo habari. Ukishapita 3,000 ushauri ni kulala juu zaidi kwa mita 500 hivi kwa siku, sio zaidi. Sasa Old Moses, kambi yetu ya kwanza, ni 3,300, piga hesabu mwenyewe mpaka Shipton's. Ndio maana tunalala Old Moses usiku mbili, na yule anayeniambia ana wikendi moja tu namwambia aende Longonot, nako ni kuzuri.

Saa imeenda, mwenye ukumbi ananiangalia. Haraka haraka: buti mpya hapana, kucha zikateni fupi. Akina dada, hedhi haizuii mtu, beba vitu vyako na mfuko wa kurudisha taka. Mwenye pumu au presha, daktari kwanza, na kama amekataa amekataa. Ya baridi nilitaka kusema mengi, tutaongea njiani.

Jumamosi tuko Ngong, saa kumi na mbili asubuhi stejini. Na wewe mama, utatembea na mimi mbele.