Kistari juu ya o

Mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi. Niliombwa nizieleze alama zinazowekwa juu ya irabu kwa ujumla wake, lakini nimeona heri nishike herufi moja tu na kuifuata kila inakokwenda. Herufi yenyewe ni ó, yaani o iliyowekewa juu yake kistari cha mshazari kinachopanda kuelekea kulia. Mtu anayekutana nayo kwa mara ya kwanza huuliza inatamkwaje, na walimu wengi hujibu upesi kwamba ni o yenye mkazo. Jibu hilo ni sahihi kwa lugha chache tu. Hoja yangu ni kwamba kistari hiki hakina sauti yake chenyewe: kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba o hii si ile o nyingine, na kila lugha imejiamulia tofauti hiyo iwe ipi.

Tuanze na huo mkazo, kwa kuwa sisi tunaufahamu. Kiswahili hakina kistari kwa sababu mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na palipo na upungufu, kama katika neno barabara, ambalo ni njia likitamkwa kwa namna moja na ni sawasawa likitamkwa kwa namna nyingine, tunamwachia msomaji aamue kwa muktadha. Kihispania hakikutaka kumwachia. Kanuni yake husema kwamba neno linaloishia kwa irabu, au kwa n au s, hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mengineyo hukazwa mwishoni. Neno likiivunja kanuni hiyo, ndipo kistari huandikwa. Kwa hiyo canto ni "ninaimba", na cantó ni "aliimba". Sauti ya o yenyewe haikubadilika hata kidogo. Kilichohama ni nguvu ya pumzi, na pamoja nayo amehama mtendaji na wakati wa kitendo.

Lakini hata Kihispania kiliwahi kukitumia kistari hicho kwa jambo lisilohusu sauti. Neno lao la "au" ni herufi o peke yake, na kwa muda mrefu waliiandika ó inapokaa katikati ya tarakimu, kama 3 ó 4, ili jicho lisiione kuwa 304. Mwaka 2010 Real Academia Española, taasisi inayosimamia tahajia ya lugha hiyo, iliiondoa desturi hiyo, kwa hoja kwamba sifuri ya chapa na nafasi zilizo kati ya maneno zinatosha kuzuia utata. Kwangu mimi huo ni mfano safi kuliko yote, kwa sababu kistari kilikuwa hakimwambii mtu chochote cha kutamka.

Mkivuka mpaka kuingia Kireno, mambo hubadilika. Avó ni bibi na avô ni babu, na maneno yote mawili hukazwa mwishoni. Tofauti iko kinywani: kwa bibi mdomo hufunguka zaidi na ulimi hushuka, ilhali kwa babu midomo hukaza na ulimi hupanda. Kwa Kireno, basi, ó ni o iliyo wazi. Sasa fungueni kamusi ya Kiitaliano, mtazame maneno bótte, ambalo ni pipa, na bòtte, ambalo ni kipigo. Hapo yenye kistari kinachopanda kulia ndiyo iliyobana, na yenye kistari kinachoshuka ndiyo iliyo wazi. Lugha hizi mbili zimezaliwa na Kilatini, zinatumia alama ileile juu ya herufi ileile, na zimeipa maana zinazopingana.

Katika Kihungari na Kiayalandi ó ni suala la urefu. Kihungari hutofautisha kor, umri, na kór, ugonjwa, kwa muda ambao irabu inashikiliwa. Waayalandi wenyewe huita alama hiyo síneadh fada, yaani mvuto mrefu, na jamaa zao wa Uskoti, wanaozungumza Kigaeli, huuonyesha urefu huohuo kwa kistari kinachoelekea upande wa pili: "kubwa" ni mór Ayalandi na mòr Uskoti. Ó ya Kiayalandi pia ni neno kamili, lenye maana ya mjukuu au mzao. Ó Briain ni mzao wa Brian, na jina hilo lilipopita katika tahajia ya Kiingereza likatoka kama O'Brien, kistari kikiwa kimeshuka kutoka juu ya herufi na kukaa pembeni kama alama ya ritifaa, mahali ambapo katika Kiayalandi hakina kazi.

Kipoland ndicho nilichotaka kukaa nacho zaidi. Humo ó husomwa u, bila tofauti yoyote na u ya kawaida. Mji wa Kraków hutamkwa takriban "krakuf". Bóg, Mungu, na Bug, jina la mto, na buk, aina ya mti wa misitu ya Ulaya, yote matatu husikika "buk", kwa sababu g ya mwisho nayo hugeuka k. Mtu anaweza kuuliza, na ni haki yake, kwa nini wasiandike u yakaisha. Sababu hujitokeza neno linaponyambuliwa. Meza ni stół, lakini "ya meza" ni stołu, na humo o imerudi ikiwa o kabisa. Zamani Kipoland kilikuwa na o fupi na o ndefu. Ile ndefu, iliyokuwa katika silabi iliyofungwa na konsonanti, ilipanda kinywani hatua kwa hatua mpaka ikaungana na u, na urefu wenyewe ukapotea. Kistari kimebaki kama kovu linaloonyesha mahali jeraha lilipokuwa. Watoto shuleni hufundishwa kulitumia kovu hilo: geuza umbo la neno, na o ikijitokeza, andika ó.

Jirani yao Mcheki alipitia badiliko hilohilo akaliandika kwa njia nyingine. Meza kwake ni stůl, na "ya meza" ni stolu. Kile kiduara kilicho juu ya u si pambo, bali ni ile o ya kale iliyopandishwa juu ya herufi iliyochukua nafasi yake. Matokeo yake ni kwamba Kicheki kimebaki na ó katika maneno ya kigeni tu, kama móda, yaani mitindo.

Kiaisilandi nitakipitia haraka: ó yao ni irabu mbili zinazofuatana, "ou", kama katika sól, jua, nayo huhesabiwa kuwa herufi kamili katika alfabeti.

Imebaki toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, na hapa kistari kimerudi nyumbani, kwa maana wasomi wa Kigiriki wa Alexandria, yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, walikiweka kuonyesha mahali sauti inapopanda. Katika Kivietnam có, kwa sauti inayopanda, ni "kuwa na". Cò, kwa sauti inayoshuka, ni aina ya ndege. Cỏ ni majani. Lugha hiyo ina pia ô, irabu tofauti, nayo ikipanda huandikwa ố, kofia ikitaja irabu na kistari kikitaja toni. Kiyoruba kimegawa kazi kwa namna hiyohiyo, ila nukta yake ya irabu iko chini: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, ọ̀kọ̀ ni mkuki, na oko, bila alama yoyote, ni shamba. Anayeandika bila alama ameyafanya yote matano kuwa shamba.

Kwenye kompyuta herufi hizi hazikutendewa sawa. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, ó ina namba 243, lakini pia inaweza kuundwa kwa o ya kawaida ikifuatwa na kistari chenye namba 769. Kwa macho ni kitu kimoja, ila programu isiyolijua jambo hilo hutafuta moja na kuikosa nyingine. Kivietnam kilipewa namba moja kwa ố nzima. Ọ́ ya Kiyoruba haikupewa. Hujengwa kwa vipande, na katika fonti iliyotengenezwa vibaya kistari chake huonekana kimeteleza na kuiegemea herufi inayofuata.