Miezi 18: kijana wa muziki anapoitwa jeshini

Wakufunzi wenzangu, shikamooni kwa mliotutangulia. Vijana wangu wa muziki, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya jeshi la lazima na maisha ya mwanamuziki kijana. Muda mwingi nitakaa Korea Kusini, kwa sababu kule sheria hii inaonekana wazi kuliko mahali pengi, na kwa sababu wengi wenu hapa mmewafuatilia wale vijana saba wa kundi la muziki la BTS tangu mkiwa sekondari. Mwishoni nitarudi nyumbani Tanzania, maana nanyi baadhi yenu mna barua za kwenda kambini.

Niseme kwanza nisichobishana nacho. Vita vya Korea vilisimamishwa tarehe 27 Julai 1953 kwa makubaliano ya kusitisha mapigano, na mkataba wa amani haujasainiwa mpaka leo. Seoul iko kilomita kama 50 tu kutoka mpakani. Nchi iliyokaa hivyo ina haki ya kuwaita vijana wake. Kila mwanaume mwenye afya anatakiwa kuingia kati ya miaka 18 na 28: jeshi la nchi kavu miezi 18, la majini miezi 20, la anga miezi 21. Akitoka, anabaki askari wa akiba kwa miaka 8 na kuitwa mazoezini. Wanawake hawalazimishwi. Kwa hiyo katika darasa moja la fidla, binti anaendelea na masomo na kaka yake anafungasha begi.

Sasa iangalieni hiyo miaka kwa jicho la mwanamuziki. Miaka 18 hadi 28 ndiyo mkono unapokomaa. Mpiga fidla ana sugu kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, na sugu hizo hulainika asipogusa nyuzi kwa wiki chache tu. Mpiga tarumbeta anategemea misuli midogo inayozunguka mdomo, ambayo huchoka na kulegea upesi. Nimewahi kumpokea kijana aliyetoka kwenye mafunzo ya miezi 3. Kifua kimepanuka, pumzi amerudi nayo nyingi kuliko aliyoondoka nayo, lakini noti za juu zote hazitoki. Alikuwa akipuliza, hewa inavuja pembeni ya midomo, uso unawiva, na sauti inayotoka ni ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Hiyo ilikuwa miezi 3. Fikirieni miezi 18, tena katika mkoa wa Gangwon, ambako majira ya baridi askari wanaamka kusukuma theluji kwa koleo na vidole vinakufa ganzi.

Kuna pia masikio, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140 karibu na sikio la anayefyatua. Kiwango hicho kinaweza kuharibu usikivu papo hapo ikiwa sikio halikuzibwa vizuri. Askari mwingine akibaki na mlio wa “nziii” sikioni atalalamika, kisha atazoea. Mwanamuziki akibaki nao, chombo chake cha kwanza kabisa kimeharibika, na hakuna fundi wa kukitengeneza.

Serikali ya Korea haijalifumbia macho suala hili. Tangu mwaka 1973 ipo sheria inayowapa nafuu wasanii na wanamichezo walioiletea nchi sifa. Mwanamichezo akipata medali yoyote ya Olimpiki, au dhahabu ya michezo ya Asia, anaingia humo. Mwanamuziki akishika nafasi ya kwanza au ya pili katika mashindano ya kimataifa yaliyoorodheshwa na serikali, naye anaingia. Wapo pia wa ngoma na nyimbo za asili za Korea, wanaoshinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya ndani. Hawaachiwi kabisa: wanapitia mafunzo ya msingi ya wiki chache, kisha wanatakiwa kufanya kazi ya sanaa yao kwa miezi 34 na kutoa saa 544 za huduma kwa jamii. Lakini wanalala kwao, na piano ipo sebuleni.

Hapa ndipo nina neno la kusema, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimefundisha vijana wa umri huo kwa miaka mingi. Sheria hiyo inampa muda yule aliyekwisha kushinda. Ambaye hajashinda, ndiye anayechukuliwa muda ambao angeutumia kujiandaa ashinde. Tunajua wenyewe jinsi mkono unavyokuja. Kuna anayeiva akiwa na miaka 17, na kuna anayeiva akiwa na 26. Huyu wa pili si mvivu. Pengine alianza kusoma noti akiwa mkubwa, pengine nyumbani hapakuwa na kinanda, pengine mwalimu mzuri alimpata baada ya kumaliza shule. Sheria haina mahali pa kumweka.

Chukueni mashindano ya Chopin ya Warsaw. Mwaka 2015 Seong-Jin Cho aliyashinda akiwa na miaka 21, Mkorea wa kwanza kufanya hivyo, na Korea nzima ilifurahi, kwa haki kabisa. Lakini mashindano yale hufanyika kila baada ya miaka 5, na yaliyopangwa 2020 yalisogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona. Kijana aliyekuwa na miaka 23 mwaka ule wa 2015, akatolewa raundi ya pili kwa kidole kimoja kilichoteleza, angesubiri mpaka 2021 awe na miaka 29. Warsaw ingempokea bado, maana umri wa juu kule ni 30. Jeshi lingekuwa limeshamchukua zamani. Kwake ile raundi ya pili ilikuwa na uzito ambao mshindani aliyetoka nchi isiyo na jeshi la lazima hakuubeba alipokaa kwenye kile kiti. Mwalimu yeyote anajua hofu ya namna hiyo inavyokaza mabega ya mpiga piano.

Na muziki wa kizazi kipya? Hauna mashindano ya kushika nafasi ya pili. Mwaka 2020 BTS walishika namba 1 kwenye chati kuu ya nyimbo za Marekani, kundi la kwanza la Korea kufika hapo, na bado hapakuwa na mstari wa sheria uliowahusu. Mjadala ukawa mkubwa bungeni na mitaani. Desemba ya mwaka huo bunge lilipitisha marekebisho yanayomruhusu msanii aliyetunukiwa nishani ya utamaduni na serikali kuahirisha hadi afikishe miaka 30. Kuahirisha tu, siyo kusamehewa. Jin, mkubwa wao, alifikisha miaka 30 tarehe 4 Desemba 2022, na tarehe 13 mwezi huohuo alikuwa amenyoa na kuingia kambini. Wenzake wakafuata, wa mwisho wakaingia Desemba 2023. Wote saba walikuwa wamemaliza kufikia Juni 2025.

Mimi sikutaka wasamehewe. Waliokuwa wakisema “nao waende kama wenzao” walikuwa na hoja nzito, kwa sababu mtoto wa mvuvi wa Busan anaenda bila mtu kujua jina lake. Ninachotaka muone ni jinsi walivyoweza kuvuka. Kampuni ilikuwa imerekodi kazi za mmoja mmoja mapema, na zikaendelea kutoka wakati wenyewe wako gwaride. Ni njia ya zamani hiyo. Elvis Presley alipochukuliwa na jeshi la Marekani Machi 1958, wenye lebo walikuwa na nyimbo za akiba, na Juni mwaka huo, akiwa likizo na nywele zimenyolewa, wakampeleka studio Nashville kuongeza nyingine. Akapelekwa Ujerumani, akarudi Machi 1960, jina likiwa bado la moto.

Bendi ndogo haina akiba hiyo. Chukueni vijana wanne wanaopiga kwenye klabu za Hongdae, mtaa wa Seoul wenye bendi nyingi: mpiga solo, mpiga besi, mpiga drams na mwimbaji. Umri wao haulingani, vyuo vyao havilingani, na wito wa jeshi haumsubiri mwenzako. Wakienda kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia, hiyo ni miezi 72. Miaka 6 bendi haijakamilika jukwaani hata siku moja! Mashabiki wamehama, mwenye klabu amebadilika, mpiga besi ameoa na ameajiriwa benki. Bendi nyingi za vijana hufa hivyo, bila ugomvi, na hakuna gazeti linaloandika.

Kambini kuna mlango mmoja wa muziki, nao ni bendi za jeshi. Unaingia kwa kufanyiwa usaili, na nafasi ni chache. RM, kiongozi wa BTS, ambaye dunia inamjua kwa kurap, alipangwa kwenye bendi ya divisheni yake akapiga saksafoni. Tarehe 12 Juni 2024, Jin alipokuwa anatoka kambini Yeoncheon, karibu na mpaka, RM alikuja na sare zake akampigia wimbo wao wa “Dynamite” kwa saksafoni. Nimeitazama ile video mara nyingi kama mwalimu. Sauti si ya mtu aliyesoma saksafoni miaka kumi. Ni ya mtu ambaye kila wiki amekuwa na chombo mkononi, mahali pa kupigia na wenzake wa kupiga nao. Hicho ndicho ningetaka kila mpiga chombo aliyevaa sare akipate. Tangu mwaka 2020 askari wa Korea wote wanaruhusiwa kutumia simu baada ya saa za kazi. Jeshi lililoweza kuruhusu simu kwenye mabweni yaliyo mbele ya adui linaweza kutenga chumba na dakika 60 za jioni kwa mpiga fidla.

Kuna nchi ambako maneno haya yote ni ya anasa, nayo iko jirani yetu zaidi kuliko Korea. Eritrea, kwa sheria ya mwaka 1995, ilitangaza utumishi wa miezi 18, sawasawa na Korea. Baada ya vita na Ethiopia vya 1998 hadi 2000, miezi hiyo ikapoteza mwisho. Watoto wanamalizia sekondari katika kambi ya Sawa, na kutoka hapo wengi hutumikia miaka na miaka bila kuambiwa siku ya kurudi. Kijana wa Korea ana kalenda ukutani, anaweza kumwambia mwalimu wake “tutaendelea mwezi fulani.” Mpiga kirari, kile chombo cha nyuzi cha kwao, wa Asmara hana tarehe ya kumwambia mtu. Nikisikia watu wanaziweka nchi hizi mbili kapu moja kwa sababu zote zina “jeshi la lazima”, nakataa.

Sasa nyumbani. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 ikawa lazima kwa wasomi. Mnajua wanafunzi wa Chuo Kikuu walivyoandamana Oktoba ile hadi Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawafukuza chuo. Utaratibu wa mujibu wa sheria, yaani wa lazima, ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Lakini upande wa muziki, historia yetu ina sura yake. Kimulimuli ilikuwa ya JKT, Mwenge Jazz ya JWTZ, yaani jeshi la wananchi, na kulikuwa na Polisi Jazz na bendi za Magereza. Wakati ule magitaa, ampifaya na saksafoni vilikuwa mali ya mwenye bendi, na kijana wa kawaida asingeweza kuvinunua. Aliyeingia kwenye bendi ya sare alipata mshahara, vyombo, mazoezi kila siku na redio ya taifa ya kurekodia. Baadhi ya magitaa bora ya nchi hii yalipigwa na watu waliovaa kombati asubuhi. Tofauti ni kwamba wale waliitwa kwa ajili ya muziki wao. Kijana wa leo wa mujibu anaitwa kama mhitimu, na hakuna fomu inayomuuliza anapiga nini.

Ningependa iwepo fomu hiyo. Ningependa anayejibu “tarumbeta” apewe nafasi ya kukaa na bendi ya kikosi hata jioni mbili kwa wiki. Si gharama. Vyombo vipo, wakufunzi wapo.

Mpaka fomu hiyo ipatikane, ninyi mnaokwenda mwaka huu, fanyeni haya. Wapuliza tarumbeta na tromboni, ulizeni mapema kama mnaruhusiwa kuingia na kidomo, kile kipande cha kupulizia, peke yake. Kinaingia mfukoni, na dakika 10 za kukipuliza kila siku zitaitunza midomo. Wapiga drams, mna magoti na mna mchakamchaka: hesabuni mipigo ya sita kwa nane juu ya mguu wa kushoto, mtashangaa mtakavyorudi. Wapiga kinanda, kariri wimbo mmoja mgumu kabla ya kuondoka, kisha uupige kichwani usiku noti kwa noti, mkono wa kushoto peke yake kwanza. Siku ya kulenga shabaha, ziba masikio yote mawili vizuri, na kama hukupewa vizibo, omba kwa heshima, tena omba mara ya pili. Mkirudi, msikimbilie noti za juu. Wiki 2 za mwanzo ni noti ndefu za chini, taratibu, na mimi au mwalimu mwingine tuwe tunawasikiliza.

Nipo tayari kwa maswali. Tuanze na wale waliokwisha kupitia kambini, watueleze midomo na vidole vilirudi baada ya muda gani.