Nani anaishi kwenye moshi mweusi wa chini ya bahari

Haya jamani tuanze, hii maikrofoni inakoroma kidogo mtanivumilia. Leo siongelei samaki wa sokoni. Nataka tushuke mita 2,400 na ushee, giza totoro, mahali sakafu ya bahari imepasuka na maji moto yanafoka utadhani dohani la kiwanda. Wanauita moshi mweusi ila moshi siyo, ni maji yamebeba chuma, shaba na salfa, joto linapita nyuzi 350, yakikutana na maji baridi tu yale madini yanaganda palepale yanakuwa kama masizi. Na hayachemki, maana uzito wa bahari yote iliyo juu umeyabana.

Wanyama wa huko walionekana mara ya kwanza 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, kwa nyambizi ya Wamarekani inaitwa Alvin. Kinachonichekesha mimi, msafara ule haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, walikuja wajiolojia kutafuta maji moto, wakaangukia minyoo inayofika mita 2, haina mdomo wala utumbo. Sasa inakula nini? Colleen Cavanaugh, tena alikuwa bado mwanafunzi Harvard, ndo akaonyesha 1981 kwamba minyoo ile imefuga bakteria ndani ya mwili, na hao bakteria wanatumia ile gesi yenye harufu ya yai viza kutengeneza chakula, hawangoji mwanga wa jua kama majani.

Basi watu wakishasikia hadithi ya minyoo wanadhani kila penye moshi ipo. Haipo! Nenda kwenye ile safu ya milima ya katikati ya Atlantiki, minyoo ile huioni, unakuta kamba, maelfu kwa maelfu kwenye mita moja ya mraba, wamebanana kama abiria wa daladala jioni. Nenda kusini karibu na Antaktika kwenye East Scotia Ridge, pale wenye mji ni kaa weupe wana manyoya kifuani na bakteria wao wanawafuga humohumo kwenye manyoya.

Na huku kwetu Bahari ya Hindi? Mwaka 2000 Wajapani walifika sehemu inaitwa Kairei, mbali kusini-mashariki ya Mauritius. Pale ni kama mji wa bandari, kamba wake wanafanana na wale wa Atlantiki alafu kuna konokono ambao ndugu zao wako Pasifiki ya magharibi. Na wamepangana. Si mnajua maji yakikupwa unavyoshuka pwani, huku juu konokono wadogo, mbele kidogo chaza, mbele tena mwani, kila mmoja na mpaka wake? Kule mpaka hauwekwi na kupwa na kujaa, unawekwa na joto na sumu ya ile gesi ya yai viza: kamba wamejazana karibu kabisa na moto, wanafuata konokono, kisha kome, na kule pembeni maji yalipopoa wanakaa anemoni, wale wanyama laini wanaofanana na maua.

Hapa ndo watu wanachanganya, wakiona picha wanasema aah viumbe vya kila aina. Hapana, hesabu vizuri: wanyama ni wengi mno lakini aina zenyewe chache, kwa sababu wanaoweza kuhimili sumu ile ni wachache, na aliyeweza anakuta chakula bwerere anazaana mpaka anafunika mwamba wote. Utajiri wa aina unauona ukilinganisha chemchemi moja ya maji moto na nyingine, siyo ukikodolea macho moja.

Hata kiumbe kilekile kinabadilika. Kairei kuna konokono mguu wake una magamba kama ya samaki, na magamba yamepakwa chuma kilichoungana na salfa, sumaku inamvuta. Jina lake la kitaalamu Chrysomallon squamiferum, bakteria wake kawaweka kwenye tezi kubwa ya kooni. Sasa sehemu nyingine inaitwa Solitaire, bahari hiihii, konokono ni yuleyule lakini magamba meupe hayana chuma, maana maji ya pale chuma chake ni kidogo. Yaani maji unayoishi ndiyo yanakuvalisha!

Mwaka 2019 akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, yaani orodha ya viumbe walio hatarini, na kinachomtishia ni uchimbaji wa madini kwenye kilindi. Wakati ule alikuwa anajulikana sehemu tatu tu. Kairei iko ndani ya mkataba wa madini wa Ujerumani, ya tatu inaitwa Longqi iko ndani ya mkataba wa China, Solitaire iko maji ya Mauritius. Mikataba yenyewe ni ya kutafuta madini, siyo ya kuchimba, usije ukasema nimekwambia wameshaanza.

Nazipitisha hizi picha mbili, mweusi wa Kairei na mweupe wa Solitaire, anayeona vibaya asogee mbele, mkimaliza mnirudishie.