PORT=9090 iwe mbele ya make au nyuma?

Haya jamani, wa nyuma sogeeni kidogo, maandishi ya skrini ni madogo.

Humu kwenye Makefile, faili la maelekezo ambalo make, zana ya kujengea programu, inalisoma, nimeandika PORT = 8080. Sasa napiga kwenye terminali PORT=9090 make. Imetoka ngapi? 8080. Nageuza, make PORT=9090. Eeh, 9090! Maneno ni yaleyale mawili, nimebadilisha tu lipi linatangulia.

Ukiiweka mbele inakuwa kigeu cha mazingira, yaani thamani yenye jina inayokaa nje ya faili, terminali inamkabidhi make na make anaipokea, ila akikuta PORT nyingine ndani ya faili anafuata ya faili. Ukiiweka nyuma hiyo ni amri yako ya sasa hivi, inaishinda ya faili. Ukitaka ya mazingira isikike, andika PORT ?= 8080, yaani kama hakuna aliyesema kitu ndo tumia 8080.

Mimi hili limenitesa. Asubuhi nilieksipoti, yaani niliiweka kwenye mazingira ya terminali, anwani ya databesi ya majaribio, nikasahau, jioni nikajenga toleo la wateja kwenye dirisha lilelile la terminali na skripti ikaichukua kimyakimya, tukakaa mpaka usiku wa manane tunasoma kodi mstari kwa mstari na kodi haina kosa hata moja, kwa sababu kosa halikuandikwa kwenye faili lolote. Ningeipitisha kwenye amri ningeiona pale pale.

Ndo maana nasema kinachobadilika kila bildi, yaani kila unapojenga programu, mfano namba ya toleo, kipite kwenye amri. Vya mashine kama JAVA_HOME, inayosema Java imewekwa wapi, vikae kwenye mazingira. Ant, zana nyingine ya kujengea programu, wao wamenyooka zaidi, -Dport=9090 inafika kwanza na propati, yaani kigeu cha Ant, ikishawekwa haibadiliki tena, na mazingira hayaingii mpaka uyaite mwenyewe.

Nywila lakini hapana, nawaomba sana, msiipitishe kwenye amri! Kwenye Linux kwa kawaida yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo akipiga ps aux, amri ya kuorodhesha programu zinazoendelea, wakati bildi inaendelea anaisoma yote, na inabaki kwenye historia ya terminali. Ya mazingira anaiona anayeendesha hiyo programu na root, msimamizi mkuu wa mashine, basi.

Kabla ya maswali, kila mtu afungue terminali yake apige env | sort, itatoa orodha ya vigeu vyake vya mazingira, asome taratibu, halafu aniambie amekuta nini humo ambacho hakumbuki kukiweka.